Kujitolea Bandani kwa Ajili ya Matembezi ya Hisani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Unguja na Pemba

Ikifika Oktoba simu ya mratibu wa matembezi hailali. Wanaouliza kuhusu kujitolea bandani, pale tunapoandika watembeaji na kupokea michango, ni wapya kila mwaka, maswali ni yaleyale. Tumeyakusanya hapa pamoja na majibu tunayoyatoa kwa mdomo, tukaongeza machache ambayo hakuna anayeuliza mpaka yamkute. Jambo lililokwisha kuelezwa pengine, tumekuelekeza huko.

## Kwanza kabisa

Matembezi yenyewe ni ya nini?

Ni ya kuwachangia watoto na vijana wenye kisukari aina ya kwanza, wale wanaoishi kwa sindano ya insulini kila siku. Pesa hununua vijiti vya kupimia sukari na sindano, na hulipia nauli ya kliniki kwa wanaokaa mbali na mjini. Hufanyika Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Frederick Banting, daktari wa Kanada aliyegundua insulini pamoja na Charles Best mwaka 1921. Kabla ya hapo, mtoto akipatwa na ugonjwa huu wazazi walibaki kumtazama akikonda.

Unguja tunaanzia uwanja wa Maisara, tunapita Mnazi Mmoja na Michenzani, tunamalizia Amani. Pemba tunatoka Chake Chake mjini kwenda Gombani. Safari ni saa 12 na nusu asubuhi, jua halijapanda. Hakuna mbio wala mshindi, na anayechoka njiani hupanda gari ya nyuma bila kuulizwa. Wenzetu wanaokwenda kanisani waliomba tumalize kabla ya saa 3, na huwa tunamaliza.

Banda ni la kazi gani wakati redio imeshatangaza?

Mwaka mmoja tulitegemea redio na gari ya spika peke yake. Watu walisikia, wakatupungia mkono, na asubuhi ya Jumapili wakalala. Tangazo mtu hulisikia akiwa anakwenda zake. Halimuulizi atakuja na nani. Bandani kuna mtu aliyemwamkia, akaandika jina lake kwenye daftari, na pengine wakagundua kuwa shangazi zao wanajuana. Mtu akishaandikwa na mtoto wa fulani wa Kikwajuni huona haya kutokuja.

Lipo na jingine ambalo hatukulitarajia tulipoanza. Watu huja bandani na swali walilokaa nalo muda mrefu bila pahala pa kuliuliza. Hilo tumelieleza chini, penye "Mbona kila mtu anaulizia mtoto wa jirani?", na ukiwa na nafasi ya kusoma swali moja tu katika ukurasa huu, soma hilo.

Nani anaweza kujitolea?

Yeyote aliyetimiza miaka 18. Wa chini ya hapo tunawachukua kwa barua ya mzazi, kwa zamu za asubuhi tu, na wakae na mtu mzima. Elimu hatuulizi. Tuliwahi kuwa na mama muuza samaki aliyestaafu kazi yake ya sokoni, hajui kuandika, na hakuna aliyepita mbele yake bila kusimama. Yeye aliita, kijana wa skuli akaandika.

Wenye kisukari wenyewe, na wazazi wa watoto wenye kisukari, tunawataka hasa. Wageni kutoka nje ya nchi, tazama "Mtalii anataka kutusaidia" katika mambo ya pembeni.

Nitalipwa?

Hulipwi. Utapewa nauli ya daladala kwenda na kurudi, maji, chai na boflo, na fulana moja. Akina mama wenye baibui hupewa mtandio wa rangi ileile.

Zamu ni ya muda gani, na mbona mchana mnafunga?

Asubuhi ni saa 2 mpaka saa 5. Jioni ni saa 10 mpaka saa 12. Forodhani pekee kuna zamu ya usiku, saa 1 mpaka saa 3.

Mchana tunafunga kwa sababu ya jua, na kwa sababu adhuhuri huingia muda mfupi baada ya saa 6 na watu wanarudi majumbani. Zamu ya jioni huanza alasiri ikishasaliwa na kumalizika kabla ya magharibi, ambayo Novemba huingia kiasi cha saa 12 na robo. Ijumaa asubuhi hatuweki banda. Tulijaribu, tukakaa tukitazamana.

Lazima nihudhurie mafunzo?

Ndiyo, jioni moja, kwa muda wa saa mbili tu. Muuguzi anaeleza ugonjwa, mweka hazina anaeleza risiti, kisha mnafanya mazoezi ya kuamkiana. Watu hucheka hapo mwisho. Waliocheka sana ndio hurudi kutwambia baada ya siku ya kwanza kwamba kumbe ni kazi.

## Pahala, ruhusa na vifaa

Mabanda huwekwa wapi?

Kwa Unguja ni Darajani, Mwanakwerekwe, Michenzani na Forodhani. Kila pahala pana tabia yake.

Darajani, mbele ya lile soko la mwaka 1904, watu ni wengi kuliko kwengine kote lakini kila mmoja ana kikapu mkononi na gari inamngoja. Pale toa kipeperushi, sema siku na saa, mwache aende. Usimpige mtu stori huku samaki wake wanaharibika. Mwanakwerekwe ni hivyohivyo, ila wanunuzi wengi ni wa mashamba na huuliza nauli kabla ya kuuliza kitu chengine. Jibu la nauli uwe nalo.

Forodhani, tangu bustani ilipofunguliwa upya mwaka 2009, usiku hujaa familia na wageni. Watu wana nafasi, lakini wana njaa pia, na moshi wa mishkaki unashinda bango lolote. Waache wale kwanza.

Mimi nikiulizwa, jioni ya Michenzani haina mfano. Watu wametoka kupunga upepo, wazee wamekaa, watoto wanacheza, na hakuna mwenye haraka. Karatasi kumi zilizojazwa Michenzani huleta watu wengi zaidi asubuhi ya matembezi kuliko hamsini za Darajani.

Ruhusa nitaitafuta mimi?

Hapana, hiyo ni kazi ya kamati. Kuna barua ya Manispaa ya kuweka banda, barua ya polisi ya kupita barabarani, na taarifa kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia (mtaa) husika. Kwa Mji Mkongwe kuna mamlaka yake ya uhifadhi pia. Nakala zote zimo kwenye faili la kijani chini ya meza. Akija mtu kuuliza, muonyeshe faili, mkaribishe akae, mpigie mratibu. Usibishane.

Usidharau sheha. Mwaka mmoja barua za wakubwa tulikuwa nazo zote, nyumbani kwa sheha hatukupita. Tukaombwa kwa upole tukunje turubai, tukakunja. Kosa lilikuwa letu. Siku ya pili tulikwenda, tukakaa, tukanywa kahawa, na yeye mwenyewe akatuletea watu.

Mezani kuwe na nini?

Daftari la majina, kalamu tatu (mbili zitapotea), vipeperushi, kitabu cha risiti, kisanduku chenye kufuli, bango lenye namba ya malipo ya simu, na maji ya kunywa. Chukua na mawe manne ya kuzuia karatasi zisipeperuke. Turubai hatulipigilii misumari kwenye lami wala sakafuni, tunafunga kamba kwenye ndoo za mchanga.

Vipeperushi vibebwe kwenye mikoba ya nguo au vikapu vya ukili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, na mtu wa hisani akionekana nayo ni aibu mara mbili.

Naweza kubandika matangazo ukutani?

Mji Mkongwe usibandike kabisa, si ukutani wala mlangoni. Kuta ni za chokaa, na gundi ikibanduliwa hutoka na chokaa yake. Milango ya nakshi ndiyo usiikaribie. Mji huo ni Urithi wa Dunia tangu 2000, lakini hata usingekuwa, ni nyumba ya mtu. Omba mwenye duka akuwekee kipeperushi kimoja ndani. Wengi hukubali, hasa ukinunua kitu.

Kwa nini fulana ni za buluu, na naweza kuvaa kofia yangu?

Duara la buluu ni alama ya kisukari duniani. Kofia yoyote inafaa isipokuwa ya chama cha siasa. Rangi za nguo hapa kwetu husomwa kabla ya maandishi, na mtu akishaona rangi asiyoipenda hatosogea kusoma kilichoandikwa. Hata buluu iliwahi kutuletea maneno, mzee mmoja alitaka kujua tunatokea upande gani. Tulimuonyesha duara. Alisema sawa, akaendelea kuitazama fulana.

Mengine ya siasa yako mbele, penye "Mwanasiasa akija bandani".

Mvua ikinyesha?

Novemba ni vuli, kwa hiyo itanyesha. Manyunyu, kaa chini ya turubai na uwaite wanaojibanza wasiroe. Hawana pa kwenda na watasikiliza mpaka mwisho. Mvua ya upepo, funga. Okoa daftari kwanza, kisanduku cha pili, vipeperushi vikiroa basi. Usingoje ruhusa ya mratibu kufunga, mpe taarifa tu.

## Kuzungumza na watu

Nianze vipi?

Kwa salamu, mikono mitupu. Hili ndilo kosa la kila mgeni wa kazi hii: anamkimbilia mtu na karatasi mbele, kama anayempa wito wa mahakama. Karatasi ikae mezani. Mtu mzima muamkie, ngoja aitikie, muulize habari za nyumbani, ngoja tena. Akikuuliza "Mnafanya nini hapa?" basi amefungua mlango mwenyewe. Mjini petu pana watu wa dini zote. Ukiwa na shaka, "Shikamoo" au "Habari za asubuhi" haijamuudhi mtu.

Wazee waliokaa barazani usiwaite waje kwako. Nenda wewe. Mazungumzo ya kweli ya Michenzani, mwaka juzi:

– Shikamoo, babu.

– Marahaba, mwanangu. Mnauza nini?

– Hatuuzi, babu. Tunaandika watu wa kutembea Jumapili mpaka Amani.

– Mimi Amani nakwenda kwa miguu kila siku. Hajaniandika mtu.

– Basi leo nakuandika.

Aliandikwa, akaja, na akafika mbele ya vijana wa kikundi cha mazoezi.

Mtu akisema "Inshaallah", nimuandike?

Inategemea amesemaje. Inshaallah ya mtu aliyesimama, anayekutazama na kukuuliza saa ya kuondoka, hiyo ni ahadi, muandike. Inshaallah ya mtu aliyeshakupa kisogo ni njia ya kuaga kwa adabu. Jibu lako kwa zote mbili ni "Inshaallah, karibu." Usimfuate.

Mbona kila mtu anaulizia mtoto wa jirani?

Kwa sababu mtoto ni wake.

Utaona mama anapita mara ya kwanza, anasoma bango kwa jicho la pembeni. Anapita mara ya pili. Mara ya tatu anasimama, anauliza matembezi ni siku gani, kisha sauti inashuka: "Kuna mtoto wa jirani yangu, anakunywa maji sana, anakojoa usiku kucha, amekonda. Ndiyo ugonjwa huu?" Au baba anauliza kama ni kweli kuwa mtoto wa rafiki yake hatoweza kuoa.

Usimuulize jirani ni nani. Usimtazame kwa macho ya "nimekujua". Mjibu jirani. Sema: dalili hizo, kiu, mkojo mwingi na kukonda, zinahitaji mtoto apimwe sukari leo, si wiki ijayo, kwa sababu kwa watoto hali hubadilika haraka. Mtoto akishaanza kutapika, kupumua kwa nguvu au kulegea, ni hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku. Mpe kipeperushi kimoja "cha jirani" na kimoja chake.

Yapo mambo matatu anayotaka kuyasikia hata asipoyauliza. Kisukari aina ya kwanza hakikusababishwa na peremende alizomnunulia: mwili wenyewe hushambulia sehemu za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakiambukizi, watoto wengine wale naye sahani moja. Na mtoto hakutupiwa uchawi na mtu. Hili la mwisho liseme kwa upole na usilifanye mjadala. Umekuja kumpeleka mtoto kwa daktari, hukuja kushinda ubishi.

Akiondoka bila kujiandikisha usihesabu kuwa umepoteza. Wengine huja asubuhi ya matembezi bila jina daftarini, wamemshika mtoto mkono.

Naweza kumpa mtu ushauri wa dawa au chakula?

Hapana. Hata kama wewe mwenyewe una kisukari, hata kama bibi yako alipona kwa majani fulani. Akikuuliza kuhusu mdalasini, mlonge au dawa ya mganga, jibu moja linatosha: mtoto wa aina ya kwanza asiachishwe insulini hata siku moja, mengine amuulize daktari wake. Kupima sukari bandani pia hatufanyi ila siku ambayo muuguzi yupo.

Wanaulizia kuhifadhi insulini bila friji. Niseme nini?

Swali zuri, na wanaokumbuka Unguja ilivyokaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hawalishangai. Chupa ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, na zisigande. Insulini iliyoganda haifai tena. Inayotumika inaweza kukaa nje kwa kiasi cha wiki nne, mbali na jua na joto, kwa kufuata karatasi iliyomo ndani ya boksi. Pasipo friji, njia inayojulikana ni vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya chengine, katikati mchanga uliolowa. Maji yakikauka hupoza ndani, na chupa hukaa mule ikiwa kwenye kifuko kikavu. Mwambie aonyeshwe na muuguzi kabla hajaitegemea.

Jirani yetu anauza halua. Si kinyume?

Kila mwaka kuna anayecheka. Muuza halua ni jirani, alitutunzia meza mvua iliponyesha, na ametangulia pale kabla yetu. Na utaona katika "Mtu akizidiwa bandani" kwamba muuza vitamu akiwa karibu ni neema.

## Pesa

Tunapokea pesa taslimu?

Ndiyo, kwa masharti. Kila pesa inaingia kwenye kisanduku mbele ya mtoaji, na anaandikiwa risiti hata kama ni shilingi 500. Wengine watakataa risiti wakisema sadaka haiandikwi. Usimlazimishe kuichukua, lakini iandike, jina weka "mpitaji". Zamu ina watu wawili au zaidi, hakuna wa peke yake na kisanduku, hata kwa kwenda chooni. Ufunguo hauko bandani. Kisanduku kinafunguliwa ofisini mbele ya watatu, kinahesabiwa, wanatia saini.

Ukiona masharti haya yanakudhania ubaya, sivyo. Yanakulinda wewe. Mji ni mdogo, na neno likitoka Darajani asubuhi, jioni liko Bububu.

Na malipo ya simu?

Kwa namba iliyochapishwa kwenye bango tu, na mtoaji ahakikishe jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kamwe usipokee kwenye namba yako, hata kama mtandao umekwama na mtu ana haraka. Mwambie atume baadaye akiwa nyumbani.

Mtu hana cha kutoa. Nimwambieje?

Mwambie aje kutembea. Kutembea ni bure na ndiyo shabaha ya kwanza. Usimwambie "kutoa ni moyo" mtu aliyekwisha kusema hana. Methali nzuri, pahala pabaya.

Anataka kutoa zaka. Tupokee?

Tusiipokee kama zaka. Sisi tunakusanya sadaka na michango, na zaka ina wanaostahiki wake waliotajwa. Muelekeze kwa sheikh wake au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Akishafafanuliwa akasema hii ni sadaka tu, mshukuru na muandikie risiti.

Duka au hoteli ikitaka kudhamini?

Chukua jina na simu, mpe mratibu. Usiahidi nembo yao itawekwa wapi. Pesa za ulevi na kamari hatuchukui.

## Mambo ya pembeni

Mtu akizidiwa bandani?

Imetokea mara mbili. Akiwa anatetemeka, anatoka jasho jingi, maneno yanapotea, na unajua ana kisukari au anatumia insulini, huenda sukari imeshuka. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe kitu kitamu mara moja: juisi ya miwa nusu glasi, soda ya kawaida, au vijiko vitatu vya sukari ndani ya maji. Subiri dakika 15, asipopata nafuu rudia, huku mwenzako anatafuta gari. Akipata nafuu ale kitu.

Asipokuwa na fahamu usimtie chochote mdomoni, wala asali, wala maji ya dua. Mlaze ubavu, mpelekeni hospitali. Kwa mabanda ya mjini ni Mnazi Mmoja, na kwa Chake Chake ni hospitali ya palepale. Umati utasogea, mmoja wenu kazi yake iwe kuusogeza nyuma.

Adhana ikiadhiniwa katikati ya zamu?

Spika huzimwa kabla, si wakati muadhini ameshaanza. Wanaosali hupokezana. Kumbuka pia kuwa Jumatatu na Alhamisi kuna watu wengi wamefunga sunna, usimshikilie mtu kumpa maji. Mwenye kisukari akikuuliza kama afunge, hilo si lako: daktari wake na sheikh wake.

Mwanasiasa akija bandani?

Anaamkiwa kama mwengine, anaandikwa kama mwengine, anatoa kama mwengine. Hapewi spika. Akija na wapiga picha wake, mwambieni kwa adabu kuwa daftari la majina halipigwi picha.

Naweza kupiga picha za watu na kuziweka mtandaoni?

Jipige wewe na wenzako mnavyotaka. Mpitaji, mpaka akubali. Mtoto, mpaka mzazi akubali, na mtoto mwenye kisukari hapigwi picha ya ugonjwa wake hata mzazi akikubali, labda kamati iseme. Atakua, ataolewa au ataoa, na picha itakuwa bado ipo. Namba za simu za daftarini hazitumiwi kwa jambo jengine lolote. Kijana mmoja aliwahi kumpigia msichana aliyemuandika yeye mwenyewe. Hakurudi bandani.

Mtalii anataka kutusaidia.

Kutembea na kuchangia, karibu sana. Kukaa bandani, hapana. Aliyeingia kwa viza ya utalii hana ruhusa ya kufanya kazi, na kujitolea nako huhitaji kibali cha Uhamiaji. Mgeni mwenye kibali chake aonane na mratibu akiwa nacho mkononi.

Nimepatwa na dharura, siwezi kuja.

Piga simu mapema uwezavyo. Msiba na ugonjwa havihitaji maelezo. Kama ni harusi, tunajua ulikuwa na kadi tangu mwezi uliopita.

## Pemba

Mambo ni yaleyale?

Pesa, salamu na ugonjwa, ndiyo. Mengine hapana. Mabanda ni Chake Chake, Wete na Konde, na mratibu wa Pemba ana uamuzi wake, hangoji simu ya Unguja. Fulana na vipeperushi huvuka kwa boti wiki moja kabla, maana bahari ikichafuka mzigo hubaki bandarini Malindi, Unguja.

Katika miaka ya mavuno, Novemba hukuta watu mashambani kwenye karafuu. Banda la asubuhi mjini litakuwa na upepo tu. Weka jioni, watu wakisharudi. Kandokando ya barabara na viwanjani karafuu zimeanikwa juu ya majamvi: usiweke meza hapo, usipite juu, na gari ya spika isipige vumbi. Na usiweke kisanduku karibu na kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Pesa ziko pale kweli, lakini mtu aliyetoka kuhesabiwa jasho lake atakuona kama mtoza kodi.

Mimi ni Mpemba, nakaa Unguja. Nitembee wapi?

Popote utakapokuwa Jumapili hiyo. Daftari ni moja.

Zamu ya mwisho ikimalizika, vitu vinarudi wapi?

Kisanduku na daftari kwa mratibu usiku uleule. Turubai likunjwe likiwa kavu, likikunjwa na unyevu litanuka mpaka mwakani. Ndoo zimwagwe mchanga palepale ulipochotwa. Meza na viti tunaviazima skuli, na vinatakiwa virudi Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza, kwa hiyo wanaume wawili wenye gari ya ng'ombe au pikapu tunawatafuta hata kama hawataki kuamkiana na mtu.